Loretta Nowakowski, Kocha Aliyekataa Ushenga

Padri ametuomba tusizidishe dakika kumi. Padri ni mgeni hapa, hakuwahi kukaa kikao kimoja na marehemu. Angejua kwamba hata kuomba chumvi kwa Loretta kulichukua dakika kumi. Basi atuvumilie. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Bernadette, na ndiye anayeusoma, na mahali sauti yake itakapopanda mjue si kilio peke yake.

Marehemu Loretta Anne Nowakowski alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Baltimore, mtaa wa Highlandtown, mtoto wa kwanza wa marehemu Kazimierz na Helen Jablonski. Baba alikuwa mpakuzi wa shehena bandarini, mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha mboga za makopo kule Canton. Walizaliwa watatu: Loretta, Eugene na Bernadette. Kila Jumamosi kazi ya kusugua ngazi za marumaru za mlangoni ilikuwa ya wasichana wawili, lakini Loretta alisugua ngazi moja tu kisha akatoweka. Ukimtafuta, utamkuta nyuma ya kanisa ameshika kijiti chenye wavu, anarusha mpira ukutani na kuudaka, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Padri wa wakati ule akatoka siku moja kumuuliza ukuta umemkosea nini. Loretta akamjibu kwamba mkono wake wa kushoto ni mvivu, na pale ndipo anapoufundisha adabu. Ngazi zilizobaki alizisugua Bernadette, na hajasahau.

Alianza shule ya parokia mwaka 1959, na mwaka 1967 akaingia sekondari ya serikali, ambako mwalimu mmoja mwenye moyo aliwaletea wasichana vijiti vya mbao ndani ya buti la gari lake na kuwafundisha lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa vijiti vya wavu, sawasawa. Mwaka 1971 akajiunga na chuo cha ualimu Towson. Hakuna kocha aliyekuja kumtafuta nyumbani. Aliona tangazo limebandikwa nje ya bafu za wasichana, akaazima viatu, akaenda uwanjani, akachukuliwa siku ile ile. Alihitimu Mei 1975. Maisha yake yote aliwaambia wanafunzi kwamba yeye alisajiliwa na karatasi na gundi, na hajaona usajili bora zaidi.

Agosti 1975 aliajiriwa kufundisha mazoezi ya viungo katika shule ya serikali ya Dundalk na akaanzisha timu ya wasichana. Hakuhama hapo mpaka alipostaafu Juni 2018. Wengi mliojaza kanisa hili leo ni wale wasichana, wengine sasa ni bibi za watu, na mnajua jinsi alivyowapigania. Kila kiangazi alienda kwenye mashindano, pale makocha wa vyuo wanapokaa chini ya mahema na kalamu zao, wakiangalia kwanza watoto wa shule za kulipia, na wa Dundalk baadaye, wakibakiwa na muda. Loretta aliwafuata makocha hao, akawapigia simu, akawatumia kanda za video, na baadaye video za kwenye kompyuta. Wengine hawakupokea. Alizungumza zaidi na mashine za kurekodi ujumbe kuliko alivyozungumza na ndugu zake.

Alifunga ndoa na Walter Nowakowski, fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, siku ya Jumamosi tarehe 9 Juni 1979. Harusi ilipangwa iwe Mei. Bibi harusi akaisogeza, kwa sababu Mei ni mwezi wa fainali, na mama yetu alilia wiki nzima. Walter aliwaambia wageni kwamba ameoa mke mmoja na wasichana ishirini, na wote wanamkalipia. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Denise, aliyezaliwa mwaka 1981. Denise naye alimpata Kaylin mwezi Februari mwaka 2000, akiwa na miaka kumi na minane, akaacha chuo kabla hajazoea njia ya maktaba. Alimlea mtoto peke yake, na alikuwa na nia moja tu duniani: Kaylin afike pale yeye aliposhindwa kufika. Na Kaylin, aliyechezea timu ya bibi yake Dundalk, aliweza. Mkono wake wa kushoto haukuwa mvivu hata kidogo.

Hapa ndipo wengine katika familia walitaka Bernadette aruke. Hataruka. Kila mtu katika kanisa hili anaijua habari hii nusu nusu, na nusu ndiyo inayoleta maneno.

Miaka ile makocha wa vyuo walikuwa hawaruhusiwi kumpigia simu mtoto wa sekondari aliye mdogo. Lakini mtoto akiwapigia wao, si kosa. Kwa hiyo walimpigia kocha wake, wakasema, "Mwambie anipigie kesho saa fulani, nitakuwepo." Kocha anapeleka ujumbe, mtoto anapiga, wanapeana neno kwa mdomo tu, bila karatasi, na mtoto wa darasa la tisa anaanza kutembea amevaa kofia ya chuo ambacho ataingia miaka minne baadaye. Mji mzima ulifanya hivyo. Loretta aliyaita mambo hayo ndoa za utotoni. Alisema makocha wenzake wamegeuka washenga, wanapeleka posa na kurudisha majibu, na anayeozwa bado anapakiwa chakula cha mchana na mama yake.

Oktoba 2014 simu iliita akiwa uani, anachemsha kaa. Ilikuwa ya kocha wa chuo kikubwa cha kusini. Jina lake tunalihifadhi, ingawa hastahili. Alikuwa amemwona Kaylin kiangazi kile na alikuwa na nafasi yenye ufadhili. Akasema lile neno lao: mwambie anipigie.

"Ana miaka kumi na minne," Loretta akamwambia. "Juzi alilia kwa sababu paka wa jirani amepotea."

Yule akasema wenzake wa rika lake wanachagua sasa.

"Wachague. Mimi ni mwalimu, si mshenga. Rudi akiwa darasa la kumi na moja, mlango uko wazi."

Akakata simu, akarudi kwenye kaa wake. Walter, aliyesikia yote, alimwambia amweleze Denise. Loretta alisema Denise akiambiwa atampa mtoto simu kabla sentensi haijaisha. Walter akanyamaza. Alikuwa mtu mwema, marehemu shemeji yetu, lakini alikuwa ananyamaza mahali pabaya.

Denise aliipata habari Julai 2015, tena kwa bahati mbaya. Kocha wa klabu ya kiangazi alimkuta kwenye foleni ya barafu za rangi akamuuliza kwa nini mwanawe hakupiga ile simu ya kusini, maana nafasi ilikwenda kwa msichana mwingine ndani ya siku mbili. Denise aliendesha gari moja kwa moja hadi jikoni kwa mama yake. Bernadette alikuwepo, anamenya mahindi. Denise hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Mama, watoto wa shule za kulipia wana watu kumi wa kuwapigia simu," alisema. "Wangu alikuwa na mmoja, naye ni bibi yake. Naye akakata."

Loretta akaanza kueleza habari za umri na akili ya mtoto. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Denise alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua funguo zake. Hakukaa tena kwenye meza ya mama yake. Kila Sikukuu ya Shukrani alimtuma Kaylin na bakuli la kabichi chachu kwa ajili ya bata mzinga, kwa sababu kabichi ni zamu yake na Denise haachi zamu, lakini yeye mwenyewe hakuja. Kaylin naye, tangu hapo, alimwita bibi yake "Kocha" hata nyumbani.

Septemba 2016 Kaylin aliingia darasa la kumi na moja, na Loretta akampigia yule wa kusini kumkumbusha habari ya mlango. Aliambiwa kwa adabu sana kwamba darasa la 2018, yaani la watakaoingia chuo mwaka huo, walishalifunga siku nyingi. Akapiga kwingine: limefungwa. Kwingine: limefungwa. Watoto walioozwa wakiwa darasa la tisa walikuwa wameketi kwenye viti vyote. Kisha Aprili 2017 sheria ikabadilishwa nchi nzima, hakuna kuzungumza na mtoto kwa njia yoyote kabla ya Septemba ya darasa la kumi na moja, hata kupitia kocha wake. Yale yale aliyokuwa akiyasema tangu zamani. Watu wakampigia kumpongeza. Wengine wakaleta keki. Loretta aliiacha keki kwenye boksi lake, akasema sheria imekuja kumkuta mjukuu wake ameshapita. Bernadette alimwona siku hiyo na anasema wazi: hajawahi kuona mtu amekasirishwa hivyo na kuwa sahihi.

Na si kwamba wale wengine walifaidi. Yule kocha wa kusini alihamia chuo kingine, na aliyemrithi akawaacha wasichana watatu waliokuwa wamepewa neno la mdomo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtu alimpelekea Denise habari hiyo akidhani itampoza. Denise akajibu kwamba wale angalau waliulizwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kiangazi kile Loretta, mwanamke wa miaka sitini na minne asiyewahi kuomba kitu, alizunguka mahema ya Delaware na Pennsylvania na video ya Kaylin mkononi. Jua lilikuwa kali, na makocha vijana walimwita "mama" wakiwa hawajui ni nani. Kwenye hema mojawapo alisubiri amesimama mpaka mtu amalize kula. Kaylin alimwona kutoka uwanjani. Jioni ile, ndani ya gari, alimwambia, "Bibi, inatosha, twende tukale," na tangu siku hiyo hakumwita tena Kocha.

Kaylin alipata nafasi katika chuo kidogo cha milimani, Pennsylvania, ambako hakuna ufadhili wa michezo, akacheza miaka minne na kuhitimu mwaka 2022. Leo anafundisha hesabu. Loretta hakukosa mechi hata moja, na Denise hakukosa. Waliketi pande mbili za uwanja kama mashabiki wa timu pinzani, wakimshangilia msichana mmoja. Walter alipofariki Februari 2020, Denise alikuja, akampa mama yake mkono jinsi watu wa ofisi moja wanavyopeana, akarudi kwake Glen Burnie, ng'ambo ya mto. Tulijaribu kuwapatanisha. Eugene alijaribu, Bernadette alijaribu, padri aliyepita alijaribu akaomba uhamisho, ingawa tunaambiwa hayo mawili hayahusiani.

Novemba 2022 Loretta aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanza kulalamikia waamuzi wa kwenye televisheni, tukajua amepona. Hakuwa amepona. Agosti mwaka huu, 2024, madaktari walisema arudi nyumbani. Kaylin alihamia kwake kumtunza, na siku moja, akimchana nywele, alimuuliza kama angeipokea ile simu tena angejibu nini.

"Ningejibu vile vile," Loretta akasema. "Ila ningekuja kukwambia nimejibu nini, na kwa nini, na mama yako akiwepo. Mlikuwa na haki ya kunikasirikia siku ile ile. Mimi niliwanyima hata hiyo."

Kaylin alimpelekea mama yake maneno haya kama yalivyo. Zikapita siku Denise hajaja, tukasema basi, tena tukasema kwa hasira, maana ni nini zaidi mtu angetaka kusikia. Alhamisi tarehe 3 Oktoba, mchana, Denise akapiga simu kutoka kazini, akasema anakuja.

Tangu daraja la bandarini ligongwe na meli na kuanguka mwezi Machi, kila mtu wa upande ule anapita kwenye handaki la chini ya maji, na mchana ule kulikuwa na foleni. Kaylin alimwambia bibi yake kwamba Mama yuko njiani. Loretta aliomba akalishwe, akaomba miwani. Bernadette alimvalisha. Alikaa anaangalia mlango, na alituambia tuondoke mbele, tunamzibia. Alifariki saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miwani ikiwa usoni. Denise aliingia baadaye kidogo, na koti bado mkononi. Aliketi kitandani, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Hatimaye alimgeukia Bernadette.

"Mama mdogo, nilikuwa nakuja kugombana naye," alisema. "Nilikuwa nimepanga maneno yote kwenye foleni. Sasa nigombane na nani?"

Jibu lake Bernadette analitafuta tangu Alhamisi.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na mumewe Walter. Ameacha kaka yake Eugene na mkewe Patrice. Mdogo wake Bernadette. Mjukuu wake Kaylin. Wasichana wake wote wa Dundalk. Na binti yake Denise, ambaye leo ameketi mstari wa mbele, upande wa mama yake.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi yetu bado tunaitafuta.