Melchior Abplanalp, Aliyechora Visiki vya Oberlauen

Marehemu Melchior alizaliwa tarehe 3 Mei 1774 hapa Oberlauen, mtoto wa nne wa mzee Hans Abplanalp na mama Barbara. Shule alisoma miezi ya baridi tu, kiangazi akichunga mbuzi, na kufikia miaka kumi alikuwa na Zaburi thelathini kichwani.

Mwaka 1788 alipelekwa mjini Thun kujifunza kuchora kwa rangi za maji. Miaka sita bwana wake alimpa mbingu tu azipake. Milima walipewa wengine. Aliporudi akachora kijiji chetu na kuwauzia wasafiri picha. Ncha ya brashi aliinyoosha kwa ulimi. Verena, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Oktoba 1799, alikuwa akimwambia mezani, "Baba Elsbeth, umekula mbingu tena? Basi jibini hii nawapa watoto."

Wazee wetu walikataza msitu ulio juu ya kijiji usikatwe hata fimbo ya kutembelea, maana ndio unaozuia theluji isituporomokee. Kiangazi cha 1819 baraza la kijiji likauza nusu yake. Marehemu alivuka mto, akakichora kijiji kama kilivyo, na visiki vyote. Mwenyekiti wa baraza, Ruef, ambaye yupo hapa leo, alimcheka mbele ya watu wakitoka ibadani.

"Melchior bwana, nani atanunua visiki? Weka miti! Au kijani kimekuishia?"

"Kijani ninacho," akajibu. "Miti ndiyo mliyoiuza."

Picha hiyo aliipeleka barazani mara tatu. Mara tatu alifungiwa mlango.

Ugonjwa hakuugua. Ijumaa, tarehe 9 Februari 1821, saa nne asubuhi, Verena na watoto wakiwa kwenye tanuri la kijiji wakioka mikate, theluji iliporomoka kupitia penye visiki ikaifunika nyumba yake, naye yumo ndani. Alifukuliwa jioni, mbavu zimevunjika. Akafariki Jumatatu, tarehe 12, Verena amemshika mkono.

Sisi wa familia tuliombwa tuandike kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hatuandiki. Tunamcha Mungu, kwa hiyo hatutamsingizia. Mungu hakushika shoka.

Ameacha mjane Verena, binti zake Elsbeth na Anneli, mwanawe Kaspar, na dada yake Trini, aliyemtunzia picha ile nyumbani kwake, ikapona. Iko hapa juu ya jeneza. Nusu ya msitu iliyobaki imepangwa kukatwa Aprili. Wenye mashoka wapite waitazame kabla hatujafukia.

Bwana ampe Melchior pumziko jema. Sisi kesho asubuhi tutakuwa mlangoni pa baraza, familia nzima, na picha mkononi.