Radhi kwa Sauti Ile Ile

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi, Mchungaji wetu pamoja na mama mchungaji, wakwe zangu mlioketi mstari wa mbele, ambao nimewataja wa tatu kwa sababu ya itifaki tu na wala si kwa kukosa adabu, wateja wetu mnaokalia viti tulivyovitengeneza wenyewe, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana: Bwana Yesu asifiwe! Upande wa vanishi sijawasikia. Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Nimeombwa niseme machache kumhusu mzee wetu, mwenye karakana hii ya useremala, anayepumzika leo na kuniachia mimi usimamizi wa mafundi. Kusema machache juu ya mtu huyu si kazi rahisi, maana yeye mwenyewe hajawahi kusema machache, na hayo machache hajawahi kuyasema polepole. Mzee wangu, nyuma ya mgongo wako sisi tunakuita Tarumbeta. Ndiyo, leo ndiyo siku ya kulijua. Mama, usicheke namna hiyo, wewe mkewe ulilijua zamani na ukanyamaza. Mgeni akiulizia karakana yetu huko mwanzo wa barabara, wenye maduka humwambia, "Simama hapo kidogo, utaisikia."

Nilipokuja kuomba kazi hapa niliambiwa kwamba bosi ni mzee wa kanisa. Nikasema moyoni, basi nimekwisha, kila asubuhi mahubiri kabla ya randa, na mshahara utakatwa sadaka. Ndugu zangu, mahubiri hayakuja. Siku ya kwanza alinipa msasa, akanionyesha mlango wa kabati, kisha akanitajia sheria moja tu ya nyumba hii: "Kijana, mimi nina hasira za karibu. Nikikukemea kwa haki, vumilia. Nikikukosea, nitakuomba radhi kwa sauti ile ile, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale. Mungu wangu hapokei radhi za kunong'ona kwa kosa la kupiga kelele." Nikaitikia, "Sawa bosi," huku nikijisemea kwamba hayo ni maneno ya Jumatatu.

Kumbe! Wiki hiyo hiyo alimfokea dada yetu wa vanishi kwamba ameacha kopo wazi hadi likaganda. Alimfokea mbele ya mteja aliyekuja kuchukua meza. Mteja akaondoka na meza yake. Muda si muda ikajulikana kwamba kopo lile alilifungua Tarumbeta mwenyewe, akitafuta rangi ya kiti cha mkewe. Mnadhani alifanya nini? Aliamuru msumeno uzimwe, akatuma watu wamkimbilie yule mteja barabarani. Maskini akarudishwa na meza yake kichwani, akidhani ameacha mwavuli, akasimamishwa pale pale alipokuwa, na bosi akapanda juu ya boksi, akanguruma, "Dada, nilikukosea! Kopo nililiacha wazi mimi! Nisamehe!" Yule mteja hajarudi mpaka leo, nadhani anaogopa kuitwa tena.

Sasa na sisi binadamu tuna ujanja wetu. Tulipoona sheria inafanya kazi, fundi akihisi dhoruba inakuja na anajua hana kosa, anaita watu: "Jamani njooni, njooni msikie!" Kadiri mashahidi walivyokuwa wengi, ndivyo radhi ilivyokuwa tamu. Mzee akagundua kwamba kukemea kunamtoa jasho mara mbili, akaanza kuuliza kwanza. Anakuita pembeni ya rundo la mbao, anakuuliza taratibu, "Hebu nieleze, ilikuwaje?" Na niwaambie ukweli, huyo Tarumbeta anayeuliza taratibu alitutisha kuliko yule wa kelele, maana ukiulizwa taratibu huna pa kukimbilia na uongo wako.

Lakini mazoea yana taabu. Ipo Jumatatu moja alisahau kuuliza.

Siku hizo nilikuwa nimemchumbia binti wa wazee hawa walioketi mbele, na wakwe zangu walikuwa hawajaamua. Baba mkwe, unisamehe, leo naeleza. Asubuhi ile alikuja karakana pamoja na shangazi wa binti, eti kuulizia kabati la milango mitatu. Kabati gani? Walikuja kunikagua! Nilikuwa nimevaa ovaroli safi kwa kuwa nilikwisha kudokezwa, nikasimama kwenye benchi langu nikipiga randa kipande cha mbao ambacho hakikuhitaji randa. Ndipo bosi akatoka stoo. Drili ya umeme, ile mpya, ile tuliyoisubiri kama mtoto wa kwanza, haikuwepo, na mtu wa mwisho kuonekana nayo Ijumaa alikuwa mimi.

"Mwizi!" alinguruma. "Umeiba drili! Nimekulea humu, nawe unaniibia!"

Jamani. Niliwaangalia wakwe zangu, wakwe zangu wakaangalia kabati. Shangazi akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha wakasema watarudi siku nyingine kuulizia bei, wakaondoka kwa mwendo wa watu ambao hawarudi.

Wiki ile sitaki hata adui yangu aionje. Mchumba wangu hakupokea simu. Baba yake alituma neno kwamba uchumba umesimama, kwa kuwa katika ukoo wao mna walimu, mna wauguzi, lakini mwizi hamna. Humu ndani nikipita, mafundi wanasogeza tindo zao karibu, rafiki zangu wa kugawana chai! Mimi nilisema sikuchukua, nikaapa, nikalia, ndiyo, nililia nyuma ya rundo la mbao, mtu mzima na ndevu zangu. Jina langu lilikuwa limekufa nami niko hai, na Ijumaa nikafunga randa yangu kwenye mfuko nikiwa na nia ya kutorudi.

Mchungaji, Jumapili iliyofuata unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikuwa katikati ya mahubiri, mzee wetu ameketi mbele na suti yake, mara akainuka akatoka mbio. Wewe ulifurahi ukadhani neno limemchoma. Waumini walidhani tumbo. Kumbe alikuwa ameona waya wa njano ukichungulia chini ya kitambaa cha meza ya madhabahu. Drili ile aliichukua mwenyewe Jumamosi ile kabla hajaniita mwizi, kwenda kukaza mabenchi ya kanisa, akaisukuma pale chini, kisha akaitwa asuluhishe ugomvi wa kwaya, na ugomvi wa kwaya mnaujua, humsahaulisha mtu hata njia ya kwake.

Mama alimwambia, "Baba, mpigie kijana simu, umalize." Akajibu, "Kwani nilimwita mwizi kwa simu?" Akawaita mafundi wote, akasema waje na maovaroli kama walivyokuwa Jumatatu, akatupakia kwenye lori la kubebea vitanda. Mimi nilichukuliwa kwangu nikiwa na kandambili, sijui naenda wapi. Nilipoona tunaelekea kwa wakwe zangu, nilitaka kuruka. Dada wa vanishi alinishika ukosi.

Hebu fikirini upande wao. Wamekaa sebuleni Jumapili mchana, wametulia, linaingia lori la mafundi wenye nyundo. Walidhani tumekuja kumchukua binti kwa nguvu! Shangazi akafunga mlango. Bosi akapanda juu ya bodi ya lori, akajaza kifua hewa:

"Mimi ndiye niliyechukua drili! Kijana huyu si mwizi! Nilimsingizia mbele yenu!"

Majirani wakatoka. Wale wa mbali walisikia tu "mimi ndiye niliyechukua," wakaanza kuulizana nani kaibiwa. Baba mkwe akafungua dirisha, akasema, "Mzee mwenzangu, tumekusikia, shusha sauti, watu wanatuangalia." Bosi akamjibu, "Siwezi, ndugu yangu. Karakana hamkurudi, basi nimewafuata, na kule nilitumia hii hii." Na dada wa vanishi, Mungu amzidishie, akadakia kutoka nyuma ya lori, "Bosi, kule ilikuwa juu kidogo kuliko hapo." Basi akarudia yote upya, kwa juu zaidi, mpaka mshipa wa shingo ukasimama, machozi yakimtoka, na mwisho akanigeukia mimi na kandambili zangu akasema, "Mwanangu, nilikuua jina. Nimekuja kulirudisha mbele ya wale wale. Nisamehe." Nilimsamehe. Ningefanyaje? Nililia kuliko yeye.

Je, ndugu wageni waalikwa, ni mabosi wangapi mnaowajua wenye kipaza sauti wakati wa kusali, lakini wakikukosea wanakuita chumbani, wanafunga mlango, wanapunguza sauti na kukuambia, "Lile jambo tuliache"? Mzee wetu hakuwahi kutufundisha imani yake kwa maneno mengi. Tuliiona pale juu ya lori, ikitetemeka, imevaa suti iliyochafuka grisi. Na mimi ninayeachiwa karakana hii naogopa, sifichi, kwa sababu kukaza sauti naweza, lile la pili, la kuomba radhi kwa sauti hiyo hiyo, ndilo sijui.

Baba mkwe, najua hupendi kutajwa hadharani, ila jibu lako la siku ile sitakufa nalo. Alitoka nje, akatutazama sisi tuliokuwa juu ya lori, akamtazama bosi. Kisha akamwita binti yake na kusema, mbele ya mtaa mzima: "Mwanangu, kama kijana huyu si mwizi, mchukue. Na kama ni mwizi, mchukue tu. Kwa bosi wa namna hii, ataacha."

Mke wangu, simama wakuone. Mzee, nenda ukapumzike, Mungu akutunze, tunakupenda sana. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu mchana huu, asanteni, asanteni sana.