Mapera Yote Kwenye Bao la Drafti

Pale Mbinga mjini, nyuma ya stendi, kati ya banda la fundi viatu na ghala la kahawa, kuna benchi moja refu lililokaliwa mpaka likang'aa. Wenyewe wanapaita Mizani, maana hapo hakuna neno linalopita bila kupimwa, hata kama linapimwa vibaya. Birika ni la Iddy, mtu wa Tunduru, mpole, mwenye vikombe vidogo na kashata. Wakulima wa milimani wanashuka na kuja kunywa kwake kahawa ambayo majumbani mwao hawajawahi kuichemsha. Kwao kahawa ni ya kuuza. Ya kunywa ni chai. Asubuhi ile ya Alhamisi Xavery wa kitongoji cha Mapera ndiye aliyewahi. Wanamwita Kingi, kwa sababu kwenye drafti hajapatikana wa kumfunga. Siku hiyo, lakini, hakuwa na hamu ya kumfunga mtu. Alikuwa amemwacha mkewe Tadea kwenye foleni ya hospitali, akaonyeshe macho na kifua, mambo ya moshi wa kuni hayo, na Xavery alikuwa amemwapia kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, jiko la gesi litaingia nyumbani. Akakaa anakunywa, roho iko juu juu.

Saa nne kasoro robo akatokea Dada Careen, afisa wa mradi, binti wa Moshi, mwezi wa tano huu Mbinga. Mkoba begani, uso umemshuka.

— Dada Careen, kulikoni? Umefukuzwa kazi?

Aliyeuliza ni Placidi, dereva wa bodaboda. Wanamwita Breki kwa kuwa pikipiki yake haina.

— Bado, lakini naona njia inaelekea huko. Iddy, nipe kahawa. Nimekataliwa namba.

— Namba ya nani? Mwambie akupe mwenyewe.

— Namba ya Mapera, Breki, acha utani!

Xavery akakiweka kikombe chini. Mapera tena? Akasogea.

— Si ile mitambo yetu, mwanangu? Ile ya mavi ya nguruwe?

— Ndiyo hiyo, mzee. Mavi yanaingia shimoni, yanachacha, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni. Vitongoji vinavyoitaka ni viwili, mradi una uwezo wa kimoja tu. Nimepewa kitongoji chenu, kaya sitini na nne. Leo kabla ya saa sita niseme ni kaya ngapi zitakuwa zinatumia kweli baada ya mwaka. Zikifika arobaini, mitambo inakuja kwenu. Zikipungua, inakwenda kwa wenzenu.

— Sasa si ulipita nyumba kwa nyumba ukauliza?

— Nilipita zote.

— Wakasemaje?

— Ndiyo. Sitini na wanne kati ya sitini na wanne! Nikatuma. Bosi akanipigia: Careen, hizi si takwimu, hizi ni salamu.

Benchi likaangua kicheko. Mwalimu Nicholaus, mstaafu wa hesabu ambaye hata chumvi anaitia kwa uwiano, alicheka mpaka akavua miwani.

— Bosi wako ana akili, alisema Xavery. Hebu fikiria mwenyewe. Umeingia kwa mtu, amekukalisha kwenye kiti chenye kitambaa, amekupa chai na ndizi, halafu unamuuliza, je, utatumia mtambo? Akujibu hapana, ili iweje? Kwetu mgeni haambiwi hapana. Tunasubiri aondoke kwanza.

— Kwa hiyo na lile kaushio la mahindi la mwaka juzi?

— Wote tulisema ndiyo.

— Na sasa?

— Kuku wangu wanatagia humo. Wanalipenda sana!

Careen akashika kichwa.

— Ndiyo maana wanataka modeli. Kijiji cha kuigiza. Unaweka watu, unawapa kanuni, nani anaanza, nani anamwangalia nani, halafu unakiachia kiende chenyewe uone kitaishia wapi. Programu ilikuwa kwenye kompyuta, na kompyuta tangu jana imegoma kuwaka.

Xavery akalitazama bao la drafti lililokuwa katikati yao. Nane kwa nane. Akahesabu tena kwa kidole, maana hakuamini bahati ile. Moyo ukaanza kumwenda mbio.

— Jamani! Jamani, vyumba sitini na nne!

— Ndiyo drafti, Kingi. Umeigundua leo?

— Kaya ni sitini na nne! Mapera hii hapa! Iddy, lete lile kopo la vizibo vya soda!

Sasa hapo ndipo kijiwe kilipopata wazimu. Iddy akamwaga vizibo, mikono minne ikavipanga, kizibo kimoja kila chumba. Wakakubaliana kwamba kizibo kilicholala kifudifudi ni kaya ambayo bado, na kilichofunua mdomo ni kaya yenye jiko. Xavery akawa anaita majina: huyu jirani yangu Florian, huyu Hildegardi mjane, huyu katekista Cuthbert, hapa kona ni mimi. Hajawahi kuiona Mapera namna ile, yote kwa mkupuo, na alijisikia kama mtu aliyepandishwa kwenye mnara wa kanisa.

— Kanuni ni moja tu, alianza Mwalimu Nicholaus, kidole juu. Kuzidisha kwa mbili. Wiki ya kwanza jiko moja. Ya pili mawili. Ya tatu manne. Wiki ya saba, sitini na nne, Mapera imekwisha!

— Haya, na wiki ya nane?

— Mia na ishirini na nane.

— Mwalimu, kaya zimekwisha, hizo nyingine za nani?

— Hesabu haisimami kwa sababu ya uchache wa watu, Breki! Wiki ya ishirini na saba tutakuwa na majiko milioni sitini na saba. Taifa zima linapikia nguruwe wa Mapera!

— Na hao nguruwe watakula nini?

— Hilo ni somo la sayansi. Mimi nilifundisha hesabu.

Xavery akamsogeza mkono pembeni, hasira na furaha zimechanganyika.

— Watu hawazidishwi, Mwalimu, watu wanaangaliana. Marehemu baba alipoezeka bati, walimcheka. Mvua ikinyesha mtakuwa viziwi humo ndani! Mwaka ule hakuna aliyefuata. Jirani wa kushoto akaezeka, yule wa kulia akaanza kukosa usingizi. Mtu wa Mapera haogopi kitu kipya, anaogopa kuwa peke yake. Kwa hiyo kanuni ni hii: majirani wawili wakishafunua, na wewe unafunua.

— Safi sana, mzee! Careen alikuwa ameshatoa daftari, anaandika mbio. Endelea, nani anaanza?

— Katekista, mimi, na Florian, kwa sababu Florian hawezi kuniona nina kitu.

Wakafunua vitatu. Wakafuata kanuni, tik, tik, tik. Vikafunuka vinne, vikafunuka vitano, halafu vikasimama. Kumi na viwili. Xavery akavihesabu upya. Kumi na viwili vipi, wakati wanatakiwa arobaini?

— Ngojeni, ngojeni! alipiga kelele Breki. Mmenisahau mimi! Kila kitu kinachoingia Mapera kinapita mgongoni kwa bodaboda. Simu za kupangusa nani aliwaletea? Mimi. Mbolea? Mimi. Nikisimama kwa mtu, nyumba kumi zinachungulia. Weka kanuni ya Breki: mahali pikipiki inapopita, mstari mzima unafunuka!

— Hata pasipo na nguruwe?

— Nitawabebea na nguruwe! Jamani, nendeni Lituhi, kule ziwani. Wavuvi wale waliacha karabai wakaingia taa za sola. Nani aliwapa semina? Walimwona mmoja dagaa wa usipa wamejaa mtumbwini kwake, wiki ile ile wote wakataka taa kama yake.

— Anasema kweli, alisema Xavery. Hata mashimo ya ngoro, babu zetu waliyachimba mlima mzima kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, nani aliwapa fomu wajaze?

— Mstari wa Breki upite! aliamua Careen, macho yanamwaka.

Ukapita. Vizibo vinane vikafunuka kwa mpigo. Majirani wakaonana, wakafuatana, tik, tik. Ishirini na tisa! Iddy akakohoa.

— Mimi naomba kuuliza kwa heshima tu. Moto wa nguruwe huo, birika langu haliendi juu yake.

— Iddy, wewe unakaa Mbinga, hauko kwenye bao.

— Najua. Nasema hata Mapera wapo watakaoona haya. Mgeni anakula ugali, anauliza mmepikia nini, unamjibu mavi? Kwanza kabisa anzeni na chai. Chai haina harufu ya kusingiziwa. Mwenye jiko aite wenzake waje kunywa chai, wakitoka salama na matumbo yao, wamekwisha kutekwa.

Halafu Mwalimu akapiga paja.

— Kanuni ya chai! Kila aliyefunua anaita wawili baada ya misa ya Jumapili, hata kama ni wale wale walioitwa na jirani!

Wakafanya Jumapili moja. Wakafanya ya pili. Benchi lote lilikuwa limesimama sasa, fundi viatu ameacha kiatu cha mtu kinaning'inia kwenye uzi, abiria wawili wa Songea wamesahau basi. Thelathini na nane! Xavery jasho linamtoka. Arobaini! Arobaini na tatu! Arobaini na tisa! Kizibo cha hamsini na moja kilipofunuka Breki aliruka juu, Mwalimu akamkumbatia Iddy, na Careen akaanza kucheka na kujifuta machozi papo hapo.

— Hamsini na moja! Mzee Xavery, mmepata! Naandika ujumbe, natuma!

— Tuma, mwanangu, tuma!

— Shikamoo, mama, alisema Breki ghafla.

Tadea alikuwa amesimama nyuma yao, mfuko wa dawa mkononi, kitambaa kimefunga jicho moja. Haikujulikana amefika saa ngapi.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Mama Ida! Xavery alimshika mkono, furaha imemjaa mpaka maneno yanapandana. Wamesemaje hospitali?

— Wamenipa matone na vidonge. Wamesema niache moshi.

— Basi umekwisha kuuacha! Njoo uone. Hii ni Mapera. Huyu Florian, huyu Hildegardi, sisi ni hawa hapa. Hamsini na moja wanapikia gesi, jiko linakuja!

Tadea akainama, akalitazama bao kwa lile jicho zima. Akatabasamu, tabasamu la kweli kabisa.

— Eeh, Mungu asifiwe. Nimelisubiri. Hebu nieleze, mwanangu, hayo mavi yanatiwa hivyo hivyo makavu?

— Hapana, mama, Careen alijibu huku anaandika kwenye simu. Ndoo moja ya mavi, unakoroga na ndoo moja ya maji. Kwa mtambo wa familia ni ndoo mbili na ndoo mbili.

— Kwa wiki?

— Kwa siku, mama.

Tadea akaweka kidole kwenye vidole vyake vingine, taratibu.

— Kuni naziendea mara mbili kwa wiki. Maji mto uko bondeni, kichwa kinabeba ndoo moja. Ndoo mbili kwa siku ni safari kumi na nne kwa wiki. Sivyo, Mwalimu?

Mwalimu akazidisha midomo ikichezacheza. Akazidisha tena.

— Ni kumi na nne, mama.

— Mimi jiko nalitaka. Kifua changu kinalitaka kuliko ninyi nyote mlivyopiga kelele hapa, nimewasikia tangu kule stendi. Nauliza tu, hayo maji atachota nani?

Careen akaacha kuandika. Akafungua daftari lake, akapekua kurasa, sitini na nne zile, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ukimtoa Hildegardi mjane, juu ya kila moja palikuwa na jina la mwanamume. Akalifunga.

Simu ikaita mkononi mwake. Saa sita kasoro dakika kumi.

— Bosi, shikamoo. Ndiyo. Ndiyo, ninayo, ila... kuna kitu kimoja bado. Akaiziba simu kwa kiganja. Mzee Xavery, anauliza kimebaki nini. Nimjibuje?

Xavery akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, mimi, neno dogo tu. Akajiona anapanda kutoka bondeni ndoo kichwani, Florian kasimama mlangoni anamtazama, katekista anamtazama, watoto wa shule wanamtazama. Aliona aibu. Kisha akamwona mkewe na kile kitambaa chake jichoni, na aibu ikawa mbili.

— Baba Ida, alisema Tadea kwa upole. Nimekuuliza, si umenisikia?

Breki akakumbuka ana abiria, akaondoka haraka kwenda kuwasha pikipiki isiyo na abiria. Mwalimu akawa anafuta miwani iliyokuwa safi. Iddy akalitikisa birika, akasema kahawa imekwisha, akainama kupuliza makaa asionekane uso. Tadea akaweka mfuko wake wa dawa chini, akakaa kwenye benchi, nafasi aliyoiacha Breki, akangoja jibu.