Fundi Jilala na Ubao Unaonesa

Tarehe 30 Juni 1938, Fundi Jilala Mageni, seremala wa stesheni yetu ya Shinyanga, anaweka chini randa yake baada ya miaka ishirini na minane kazini. Wasifu wake wa kusomwa kwenye hafla hii ya kumuaga nilikuwa nimekwisha kuuandika, ukurasa mmoja wenye adabu zake. Kisha ikaja barua kutoka Uingereza, na mimi, Nassibu Majaliwa, karani wa tiketi, ikanibidi niuchane nianze upya. Hadi leo mshtuko haujanitoka.

Alianza mwaka 1910, enzi ya Mjerumani, reli ya kati ikiwa bado haijafika Tabora. Njia ya Mwanza ilipopita hapa mwaka 1928, akahamia kwetu. Milango, mabenchi, hata kaunta ninayoegemea, vyote ni kazi ya mikono yake. Kwao Samuye maseremala wana desturi moja: kitu hakitumiki mpaka aliyekitengeneza akijaribu kwanza kwa mwili wake, mbele ya watu. Akimaliza ngazi, anaipanda. Akimaliza kitanda, anakilalia. Jeneza tu ndilo tulilomwomba asilijaribu hivyo, naye alinuna kutwa nzima.

Tulimtania kwa jambo moja, nalo ni hofu ya maji. Kuogelea hajui. Masika vijito vikijaa, aliona heri alale stesheni kuliko kuvuka kwenda kwake. Tukambandika jina la Paka.

Mwaka 1932 alikuja Bwana Hadley, mhandisi wa mgodi mmoja huko Geita, na mchoro mkononi. Kila Jumapili Mzungu huyu alijirusha kwenye bwawa la mgodi huku akipinduka hewani, hata wachimbaji wakamwita Bwana Chura. Alitaka ubao mrefu unaonesa, umrushe juu kabla hajaingia majini. Jilala aliona ametukanwa, maana maisha yake yote alitengeneza vitu visivyotikisika. Hata hivyo alichukua vipande vyembamba vya mkole, mti wa kutengenezea pinde, akavifunga pamoja kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, na ubao ukanesa. Siku ya kuukabidhi huko bwawani alisimama juu yake huku amefungwa kamba kiunoni, wanaume wanne wameishika.

Mwaka 1934 Bwana Chura alichaguliwa kwenda Uingereza kushindana na wanaume wa mataifa mengine katika mchezo huo. Akaomba afuatane na fundi wake, na idara ikatoa likizo ya miezi minne. Jilala alirudi bega moja limeshuka kidogo. Alisema alibanwa na mlango wa behewa, nasi tukaamini.

Sasa barua ile iliyokuja, ya Bwana Chura, inasema hivi. Siku ya mashindano bwawa lilizungukwa na maelfu ya watu. Jilala aliketi pembeni na mataulo. Tangu asubuhi alikuwa akimsubiri fundi aliyetengeneza ubao wa bwawa lile aje aupande kwanza, kama ilivyo kwao, na fundi hakutokea. Alipouliza yuko wapi, watu walicheka. Mrukaji wa tatu alipoukanyaga, Jilala akasikia mlio wa mti uliopasuka kwa ndani, chini ya jamvi la makumbi ya nazi lililoufunika. Kwa mshtuko akapiga kelele kwa Kisukuma, na hapakuwa na wa kumwelewa.

Wa nne alikuwa Bwana Chura, naye alikwisha kushika ngazi. Jilala alimsukuma kando, akapanda na kanzu yake na viatu vyake, akatembea mpaka kwenye ncha, akaruka na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Ubao ukakatika. Kipande kikampiga begani, naye akazama.

Nilipofika hapo niliiweka barua mezani, nikatoka nje kuvuta pumzi. Abiria walikuwa wakigonga dirisha, sikuwasikia. Mtu tuliyemcheka kwa kuogopa kijito.

Bwana Chura alijitosa akamtoa. Mashindano yakaendelea kwenye ubao mwingine, na yeye, mawazo yake yakiwa kwa Jilala, akawa wa mwisho. Anasema haoni haya. Baadaye hospitalini alimwuliza Jilala kwa nini hakumzuia tu chini.

"Ningekushika, ungenisukuma ukapanda," Jilala alimjibu. "Ninyi Wazungu mti hamuamini mpaka uvunjike."

Nilimwonyesha Jilala barua hiyo. Aliisukuma kando, akaniomba nisiandike neno lolote. Nikamwuliza sababu, akasema mkewe hajui. Miaka minne, na mkewe hajui. Nimemkatalia, na kama amekasirika, atanuna kwa raha zake huko nyumbani.

Fundi, sisi wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila mlango na kila benchi. Kwa utani wetu tunaomba radhi, na tunaiomba tukiwa tumesimama.

Nawe Mama Limi, mke wa Fundi, uliyeketi mstari wa mbele, ndiyo kwanza unayasikia haya, na tunajua yamekushtua kuliko sisi. Mguse bega. Yupo, ni mzima. Miaka yote hii tumekuwa naye mchana kutwa. Kuanzia leo ni wako. Mchukue mrudi Samuye, mle vinono, mzeeke pamoja kwa amani.