Consolata Mntambo na Kijito cha Makorora

Imesimuliwa na Bi Mboni, chumba cha kuoshea chupa za maabara

Miaka thelathini na miwili Consolata Mntambo amechota maji machafu ya Tanga ili tujue kilichomo. Tarehe 30 Juni anastaafu, na anayedhani pengo lake litazibika kwa wiki moja aje atuulize sisi tuliomuoshea chupa.

Alitoka kwao Muheza akiwa msichana mwembamba, akapokelewa kwa kazi ya mapokezi, akasoma huku analea, akawa mtaalamu wa maabara. Wembamba uliisha, na chapati zangu zinahusika. Akirudi kutoka kijitoni hakupata chai mpaka anawe hadi viwikoni. Sheria hiyo niliiweka mimi, na mkuu wa maabara naye aliitii.

Kazi yake kubwa ilikuwa kijito cha Makorora. Aliotesha bakteria wa maji yale kwenye visahani, akawawekea dawa. Dawa ikifanya kazi, huacha duara tupu kuizunguka. Safari ile duara hakuna. Wamejaa mpaka wameigusa dawa yenyewe. Hao ndio bakteria sugu.

Wakati huohuo Luka, mkulima wa mchicha anayeshinda na miguu ndani ya maji hayo, alikuwa na kidonda kisichofunga. Majirani walimpenda, wakampenda vibaya. Kila nyumba ilimletea vidonge vya rangi mbili walivyobakiza baada ya mgonjwa wao kupata nafuu, viwili hapa, vitatu pale. Dozi nusunusu huua bakteria dhaifu tu, sugu wakabaki kuzaliana. Mguu ukazidi kuvimba, daktari akaanza kuzungumzia kuukata. Consolata akaomba usaha wa kidonda kile, akauotesha, akajaribu dawa moja baada ya nyingine hadi ikapatikana inayowaua bakteria wake. Luka akachomwa sindano za dawa hiyo mpaka dozi ikaisha. Mguu anao.

Wengine wangeishia hapo wapongezwe. Yeye alikifuata kijito juu, akamkuta Sabra, mfugaji aliyekuwa akiwanywesha kuku dawa hizohizo kila siku hata wakiwa wazima, kisha mabaki na kinyesi akimwaga majini. Alipomwambia aache, Sabra akamfokea: “Kuku wangu wakifa, utakuja kuwazika wewe?” Consolata akasema atakuja, na jembe lake mwenyewe. Akaja kweli, wakachimba shimo la mbolea mbali na maji. Dawa ya kila siku ikaachwa, na kuku hawakufa. Leo ukielekea kijitoni na ndoo ya kinyesi, wa kukusuta ni Sabra.

Maji bado hayajapona, tusidanganyane, ila vijana aliowafundisha wanaendelea kuyapima. Na Makorora siku hizi jirani akiugua husindikizwa zahanati. Vidonge vya mwenzake hapewi, hata akilia.

Asante, Consolata, kwa mguu wa Luka na kwa ukali wako. Kaa salama na wajukuu wako Muheza, uishi miaka mingi yenye afya. Ukiugua, vidonge usitarajie kwetu. Tutakuja na uji, na tutakaa hapo mpaka umalize dozi.