Shimo la Spana

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa gereji ya Spana, kwenye benchi la mbao sita nene tulilolipanga wenyewe juu ya ringi za lori, na hapo hakuna jambo linalotushinda. Asubuhi ile kahawa ilikuwa moto, na sisi moto zaidi. Jana yake shemeji yake Spana, fundi mwenzake, alirudi nyuma akikagua taa za gari, akatumbukia kwenye shimo wanamoingia kutengeneza magari kwa chini. Mkono umevunjika mara mbili. Spana akatangaza kwamba shimo linafukiwa wiki hii hii, inaletwa mashine ya kunyanyua magari, na anayebisha akanywe kahawa yake kwingine.

Kinyozi akabisha papo hapo.

— Ukiwa shimoni, gari limesimama kwa magurudumu yake. Mashine inalining'iniza. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Haya, mngoje uone anavyokushukia.

— Wahenga hawakuwa mafundi, Spana akasema. Mashine ina kufuli. Unanyanyua, unafunga, ndipo unaingia. Shimo lina kufuli gani? Na mvuke wa petroli unatua humo humo, cheche moja tu umeokwa.

Profesa, fundi viatu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akatufundisha kwamba gari likinyanyuliwa oili hupanda kichwani, ndiyo maana magari ya siku hizi yana kizunguzungu. Kinyozi akaapa kuwa shimo likifukiwa huhama, na yeye hataki lihamie chini ya kiti chake cha kunyolea. Mimi nikapendekeza magari yafundishwe kulala ubavu.

Spana hakucheka.

— Chekeni tu. Mimi ndiye niliyemsikia akiniita kutoka mle. Hatumbukii mtu tena, hata mniite mwoga.

Ndipo akatokea dada yake, mke wa majeruhi, katoka hospitali na shati la mumewe mkononi, mkono mmoja wa shati umekatwa kwa mkasi. Tukasogea tumpishe, akakataa kukaa. Akasikiliza kidogo hoja zetu za mashine na mashimo.

— Kaka, mimi hayo siyajui. Nauliza tu. Lile shimo lilikuwa na mbao za kulifunika kila mkimaliza kazi. Ziko wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu. Karibu na goti langu, kwenye ubao nilioukalia, niliiona namba tatu, ya rangi nyeupe, imeanza kufutika kwa kukaliwa. Miezi miwili nyuma, ringi zilipotuumiza makalio, ni mimi niliyesema tuziazime mbao za shimo kwa siku moja tu. Nilitamani lile shimo linimeze.

Spana, aliyekalia namba moja na namba mbili, akainuka wa kwanza. Tukainuka wote, tukazibeba mbao, namba moja hadi sita, tukalifunika shimo mbele ya yule dada.

Mashine imeshaagizwa. Kahawa siku hizi tunainywa wima, na ubishi umekuwa mfupi.