Tumbo la Asenath

MWANASITI: Haloo? Ni nani huyo? Sema kwa nguvu, waya unakwaruza kama paka!

ASENATH: Haloo! Namtaka Sista wa wodi ya wanawake. Napiga kutoka Garsen, ofisi ya Bwana D.O. —

MWANASITI: Sista yuko na daktari. Mimi ni mgonjwa tu, nimekuja kukaa huku penye simu kwa sababu kule ndani wanachemsha kabeji. Weye ni na—

ASENATH: Mwanasiti? Mwanasiti wa Kipini?

MWANASITI: Asenath! Shoga yangu wa kitanda cha dirishani! U hali gani? Garsen hawajambo?

ASENATH: Hawajambo. Hawajambo wote. Na wewe? Wamekudunga?

MWANASITI: Jana. Leo nimeshatapika mara nane. Ile ya nane ilikuwa kwa adabu tu, tumboni hamna kitu.

ASENATH: [Anacheka.] Na nywele?

MWANASITI: Nywele zipi? Nimekuwa yai. Ijumaa mume wangu alikuja kunitazama, akaniambia, "Shikamoo, mzee," akapita kwenda kunitafuta kitanda cha pili.

ASENATH: Muongo!

MWANASITI: Wallahi. Ukija Jumatatu muulize Sista, alicheka mpaka akaangusha trei. Na kitanda chako nimekilinda. Kuna bibi mmoja kutoka Kwale alikitaka, nikamwambia kina kunguni.

ASENATH: Ndiyo maana nimepiga simu, Mwanasiti. Mwambie Sista mimi siji.

MWANASITI: Waya huu mbovu. Nimesikia unasema huji.

ASENATH: Siji. Siwezi kupanda lori. Mama mkwe amekataza.

MWANASITI: Mama mkwe! Tangu lini yeye akawa daktari?

ASENATH: Anasema mwanamke mwenye mimba hapandi lori la Malindi. Ile barabara itamwangusha mtoto.

MWANASITI: Mimba ya nani?

ASENATH: Yangu.

[Simu inakwaruza.]

MWANASITI: Asenath. Una mimba?

ASENATH: Sina! Wewe unajua sina. Sikiza — sikiza kwanza. Nilivyotoka huko mara ya pili, si niliwaambia watu wa nyumbani nilikuwa natibiwa malaria?

MWANASITI: Hukuwaambia ni saratani?

ASENATH: Usilitaje! Karani yuko hapa.

MWANASITI: Karani hataambukizwa kwa simu. Haya, endelea.

ASENATH: Nikafika nyumbani Minjila natapika. Siku nne. Samaki sitaki, chai sitaki, hata harufu ya moshi sitaki. Mama mkwe, Mama Mbeyu, akanitazama asubuhi ya kwanza, akanitazama ya pili. Ya tatu akapiga kigelegele! Mimi sijafuta hata mdomo, majirani wamejaa uani wanampa mkono.

MWANASITI: Ya Rabi.

ASENATH: Nywele zikaanza kutoka. Akasema huyo ni mtoto wa kiume, watoto wa kiume wanakula nywele za mama. Mdomo ukatoka vidonda, akasema mtoto anachagua chakula. Huu mkono wa sindano, ule mshipa umekuwa mweusi kama kamba —

MWANASITI: Nao ni mtoto?

ASENATH: Damu imeshuka kwake. Kila kitu kina jibu!

MWANASITI: [Anacheka, anakohoa.] Ngoja. Ngoja, usinichekeshe, nitatapikia simu ya serikali.

ASENATH: Unacheka? Jumapili mchungaji ameniweka mbele ya kanisa. Amehubiri habari za Sara na Ibrahimu, saa nzima. Mimi nimekaa pale na joto lile, na mzee mmoja jirani amejipaka mafuta ya nazi. Kapu la sadaka likapita…

MWANASITI: Hukutapika humo!

ASENATH: Ndani kabisa.

MWANASITI: Asenath!

ASENATH: Watu wakasema, "Amina"!

[Wote wawili wanacheka. Simu inakwaruza.]

OPERETA: Dakika tatu. Mnaendelea?

ASENATH: Tunaendelea, bwana.

MWANASITI: Tunaendelea, na usisikilize mambo ya wanawake. — Haya, shoga. Tumecheka. Mwambie mama mkwe wako, upande lori.

ASENATH: Si rahisi.

MWANASITI: Maneno mawili tu. "Sina mimba."

ASENATH: Mwanasiti, nina miaka kumi na saba katika nyumba ile. Kumi na saba, bila hata kuharibikiwa na mimba moja. Mama Mbeyu hajawahi kunitukana, lakini ukimuuliza ana wajukuu wangapi atawahesabu wa dada zake mume wangu Jotham, halafu ananyamaza. Yaani ananyamaza mpaka mgeni aage aende.

MWANASITI: Naam.

ASENATH: Sasa hivi ananiwekea maji ya kuoga. Ananinyonyolea kuku wa mchuzi kwa mkono wake. Nikienda mtoni anakuja nyuma na mwavuli. Leo pia amekuja, yuko barazani hapo, amemkataza karani asipige pasi ya viatu karibu yangu.

MWANASITI: Pasi ya viatu ni nini?

ASENATH: Ile rangi ya viatu. Inanuka. Amemnyang'anya kopo.

MWANASITI: Huyu mama nampenda.

ASENATH: Ndiyo! Hata mimi! Sikujua kama anapendeka! Na Jotham yuko mbali na kazi ya barabara, mama ameshamwandikia barua. Amejibu. Ameshachagua jina.

MWANASITI: Jina gani?

ASENATH: Usiniulize.

MWANASITI: Haya.

ASENATH: Na ile… ile ya mwezi. Haijaja. Mwezi wa pili huu.

MWANASITI: Yangu pia, shoga. Ni dawa. Daktari alisema.

ASENATH: Najua ni dawa.

MWANASITI: Najua unajua.

[Simu inakwaruza kwa muda.]

MWANASITI: Haloo? Upo?

ASENATH: Nipo.

MWANASITI: Yale matezi ya shingoni?

ASENATH: Yamepungua. La kushoto lilikuwa kama embe ng'ong'o, sasa ni kama kunde. Nikitafuta kwa kidole silipati mara moja.

MWANASITI: Basi unaona! Langu la kwapani limekataa kabisa kusogea, nami bado nakwenda kunyoosha mkono wanidunge. Weye lako linakimbia, na unataka kulirudisha kwa sababu ya mchuzi wa kuku!

ASENATH: Si mchuzi —

MWANASITI: Hata huo mchuzi, unakaa tumboni?

ASENATH: Nautoa wote. Nyuma ya choo.

MWANASITI: Kuku wangapi?

ASENATH: Sita.

MWANASITI: Kuku sita nyuma ya choo! Sasa nisikilize mimi fundi wa kutapika. Usile cha moto, cha moto kinanuka. Kula ndizi ya kuchoma iliyopoa, kipande kama kidole, halafu ukae. Baada ya muda kingine. Usilale chali mara ukishakula. Maji unywe kwa kijiko, usijaze tumbo. Ndimu kwaruza ganda unuse tu, usilambe, hivyo vidonda vitakuonyesha nyota. Mdomo usukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Na vile vidonge vyeupe vya kuzuia kutapika umeze kabla ya sindano, si baada, mara ya pili ulivisahau kwenye nguo ukaja kunilaumu mimi. Homa umepata?

ASENATH: Juzi. Nilitetemeka kidogo, ikaisha.

MWANASITI: Kidogo! Homa usikae nayo nyumbani hata siku moja, Sista alitwambia sote. Hii dawa inaua na askari wa mwili.

ASENATH: Mama alisema ni —

MWANASITI: Mtoto! Najua! Huyo mtoto atakuzika, Asenath!

MWANASITI: Nisamehe. Tumbo linanitawala leo.

ASENATH: La, umesema kweli. Lakini mimi — ngoja. Aa. Karani amefungua chakula chake.

MWANASITI: Nini?

ASENATH: Kambare. Wa kukaanga. Mwanasiti, nita—

MWANASITI: Pumua kwa mdomo! Tazama mbali! Tazama dirish—

[Simu inagonga mezani. Sauti ya kutapika, mbali.]

MWANASITI: Haloo? Asenath? Tapika tu, mama, usione haya. Niko hapa.

MBEYU: [Kwa mbali.] Mwanangu! Nani ameleta samaki hapa? Wewe karani, toka! Toka na sahani yako! Inama, mama, nimekushika kichwa. Tema. Hapo hapo, ni karatasi tu hizo.

ASENATH: [Kwa mbali.] Ni barua za Bwana D.O.

MBEYU: Ataandikiwa zingine. Tema. Huyu mtoto ana nguvu, jamani.

ASENATH: Mama.

MBEYU: Eeh.

ASENATH: Mama, hakuna mtoto.

MBEYU: Usiseme maneno mabaya, utaita balaa —

ASENATH: Hakuna. Hakukuwa na mtoto. Nina ugonjwa, hapa shingoni. Shika. Hapa. Ni saratani. Dawa yake ndiyo inanitapisha, ndiyo imekula nywele. Niliona haya kusema. Nilitaka kusema siku ile ya kigelegele, halafu ukanishika mkono…

[Simu inakwaruza.]

MWANASITI: Haloo? … Haloo, jamani, msikate.

MBEYU: Haloo. Wewe nani?

MWANASITI: Shikamoo, mama. Mimi Mwanasiti. Tumelala chumba kimoja na Asenath hospitali.

MBEYU: Marahaba. Wewe pia unatapika?

MWANASITI: Mara nane leo, mama.

MBEYU: Na huna mimba.

MWANASITI: Nina miaka hamsini na mbili, mama. Nikiwa na mimba wataniweka gazetini.

MBEYU: Ni kweli, basi, haya anayosema.

MWANASITI: Ni kweli. Na dawa inamfaa. Tezi linakwisha. Lakini asipodungwa Jumatatu litarudi, na likirudi lina hasira.

MBEYU: Mimi nimemwambia asipande lori.

MWANASITI: Hukujua, mama.

MBEYU: Kanisa zima nimelisimamisha. Nimemwandikia mwanangu. Na kuku wangu?

MWANASITI: Nyuma ya choo, mama. Wote.

MBEYU: Sita! Nilishangaa mbona mbwa wa jirani amenenepa! … Asenath, usilie. Nitakugombeza, lakini si leo. Leo huna nywele, huna nguvu, watu watasema nakuonea. Funga kitambaa vizuri. Na nani aliyekwambia saratani ni aibu? Wizi ndio aibu.

OPERETA: Dakika sita. Laini inatakiwa na Malindi. Malizeni.

MBEYU: Subiri wewe! Nina maswali. Mwanasiti, anaweza kula nini?

MWANASITI: Ndizi ya kuchoma iliyopoa, kidogo kidogo. Uji mwepesi. Cha moto hapana, samaki hapana.

MBEYU: Mchuzi?

MWANASITI: Hapana, mama.

MBEYU: Haya. Na huko kwenu, akitapika nani anamshika kichwa?

MWANASITI: Sista ni mmoja na sisi ni kumi na wanne. Huku kila mtu anajishika mwenyewe.

MBEYU: Mnajishikaje? Kichwa chako mwenyewe unakishikaje?

OPERETA: Nakata sasa, mama.

MBEYU: Karani! Lori la Malindi linapita saa ngapi? … Saa kumi? … Haya, twende, Asenath, nguo tutazifunga njiani. Mwanasiti! Unanisikia? Mwambie huyo Sista nakuja. Sihitaji kitanda, atafute mkeka tu. Na hao wengine kumi na watatu, mwambie nina mikono miwi—

[Simu imekatika.]